Mashine Itakupa Ulichosema: Uzamivu Wangu Katika Usanisi wa Mifumo Sambamba

Kabla hujatuma maombi ya kufanya uzamivu katika usanisi wa mifumo sambamba, yaani kuiachia kompyuta ijenge mfumo kutokana na masharti yako, jua kwamba swali lake kubwa limeshajibiwa, na jibu ni hapana. Mwaka 1990 Amir Pnueli na Roni Rosner walithibitisha kwamba hakuna algoriti inayoweza kupokea maelezo ya tabia unayoitaka, pamoja na mpangilio wowote wa vipande vitakavyofanya kazi kwa pamoja, kisha ikakwambia kila mara kama mfumo wa namna hiyo unaweza kuundwa. Si kwamba algoriti hiyo ni ya polepole au inasubiri kompyuta zenye nguvu zaidi. Haipo. Vipande viwili tu vinatosha kuleta balaa, ilimradi kila kimoja kinapokea habari ambazo kingine hakizioni. Ahadi nyingi za pendekezo langu la utafiti zilifia hapo, na nashukuru zilikufa mapema.

Kwa asiyelijua eneo lenyewe: mfumo sambamba ni ule wenye michakato kadhaa inayokwenda kwa wakati mmoja huku ikigombania vitu vilevile, kama vile sehemu ya kumbukumbu au laini ya mawasiliano. Ubaya wake ni kwamba kosa halijitokezi kila unapojaribu. Unaendesha programu usiku kucha, inakwenda salama, kisha inakwama mbele ya mteja. Umeme ulipokatika kaskazini mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada mwaka 2003, mojawapo ya mambo yaliyobainika baadaye ni kwamba programu ya tahadhari katika chumba cha udhibiti ilikuwa imekwama kimyakimya, kwa sababu michakato miwili iliweza kuandika kwenye data ileile kwa wakati mmoja. Majaribio ya kawaida hayakuwa yamelinasa kosa hilo.

Uundaji wa modeli rasmi ni kuuandika mfumo kwa hisabati ili kila mfuatano unaowezekana uweze kukaguliwa. Usanisi unakwenda hatua moja mbele: huandiki mfumo, unaandika masharti tu, na kompyuta inautafuta mfumo unaoyatimiza. Wazo si geni. Alonzo Church aliliuliza swali hilo mwaka 1957 akiwa na saketi akilini, Büchi na Landweber wakalijibu mwaka 1969 kwa mfumo wenye kipande kimoja. Ni pale vipande vinapozidi kimoja ndipo mambo yanapoharibika, na hapo ndipo nilipojipeleka mwenyewe.

Ushauri wangu wa kwanza unaweza kuonekana wa kitoto. Miezi ya mwanzo, acha nadharia nzito, kaa na kikaguzi cha modeli, yaani programu inayopitia kila mfuatano unaowezekana, kama SPIN, au na TLA+, lugha ya kuandikia modeli yenye kikaguzi chake, ukague vitu vidogo mpaka uzoee jinsi michakato inavyopishana. Chukua algoriti ya Peterson ya mwaka 1981, inayozuia michakato miwili isiingie kwa pamoja sehemu nyeti, ile inayogusa kitu wanachogombania. Kila mchakato unainua bendera yake, unampa mwenzake zamu, kisha unasubiri maadamu bendera ya mwenzake iko juu na zamu ni ya mwenzake. Sasa geuza mistari miwili ya kwanza, zamu itangulie na bendera ifuate. Ukisoma kwa macho unaona ni kitu kilekile. Kikaguzi kinakuletea mfuatano huu: A anampa B zamu. B anampa A zamu, anainua bendera yake, anatazama bendera ya A, iko chini, anaingia. A anaendelea alipoishia, anainua bendera, anatazama: bendera ya B iko juu, lakini zamu ni ya A mwenyewe. Naye anaingia. Wote wawili wako ndani. Ukiupata mfuatano huo kwa mkono wako, bila kuangalia jibu, umeshaelewa kwa nini kazi hii ipo.

Kisha fanya zoezi la pili, ambalo wengi hulikwepa. Algoriti ya Peterson iliyo sahihi iandike kwa lugha ya C na uiendeshe kwenye kompyuta ya kawaida bila maagizo ya kuipangia kumbukumbu. Inaweza kuvunjika, kwa sababu vichakataji vya leo havimalizi kuandika kabla ya kusoma kwa mpangilio ulioonekana kwenye karatasi. Modeli ilisema kweli kuhusu dunia ambayo kompyuta yako haiishi ndani yake. Katika kila makala niliyoandika baada ya hapo niliweka aya moja inayoeleza waziwazi modeli yangu inadhani nini kuhusu kumbukumbu. Aya hiyo iliniokoa kwenye maswali mengi.

Kuhusu lugha ya kuundia modeli, kila kundi litakwambia yake ndiyo. Wapo wa aljebra ya michakato, inayoandika michakato kama milinganyo, waliotoka kwa Hoare na Milner. Wapo wa otomata, mashine za kufikirika zinazohama kutoka hali moja hadi nyingine. Wapo wa nyavu za Petri, michoro ambamo kila tukio ni mpito wake, na Carl Adam Petri mwenyewe alizieleza katika tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1962, jambo ambalo nililikumbuka kwa wivu kila nilipokwama. Mimi nilizipenda nyavu kwa sababu zinaandika uhuru wa matukio kama ulivyo. Ukiwa na matukio 10 yasiyohusiana, wavu una mipito 10. Ukilazimisha kuyapanga yote kwenye mstari mmoja wa wakati, una hali 1,024 na mifuatano 3,628,800, na yote inasema jambo moja: kwamba hayahusiani. Lakini usifanye uchaguzi wa lugha kuwa dini. Chagua ile ambayo watu wa jirani yako, wale utakaowauliza maswali, wanaisoma bila shida.

Hapo hapo kuna gharama ambayo sikuonywa. Eneo hili lina lahaja nyingi, na kitu kimoja kina majina mengi. Ramadge na Wonham walianzisha mwaka 1987 nadharia ya kudhibiti mifumo ya matukio, ndani ya uhandisi wa udhibiti, na maswali yao yanakaribiana sana na ya usanisi tunaoufanya upande wa sayansi ya kompyuta. Istilahi tofauti, majarida tofauti, makongamano tofauti. Lema moja, yaani teoremu ndogo ya kusaidia, niliyoipigania kwa muda mrefu niliikuta huko, imevaa nguo nyingine, imechapishwa kabla sijaanza shule. Nilikaa siku kadhaa sitaki kufungua kompyuta. Msimamizi wangu hakunipa pole. Aliniambia niiweke kwenye sura ya usuli, nimtaje aliyeithibitisha, na niendelee. Alikuwa sahihi, ingawa siku ile nilimwona mkatili. Kwa hiyo kila unapofikia matokeo, kabla ya kushangilia, yatafsiri kwa istilahi za makundi mengine mawili na utafute tena.

Baada ya kujua kwamba swali la jumla halina jibu, kazi ni kuchora mpaka: utaacha nini ili kilichobaki kiwezekane? Wengine wanapunguza lugha ya masharti. Piterman, Pnueli na Sa'ar walionyesha mwaka 2006 kwamba ukibaki na masharti ya umbo fulani, linaloitwa GR(1), muda wa kutafuta suluhisho unakuwa wa polinomia kwa idadi ya hali, yaani unakua kwa kiasi, wakati kwa mantiki nzima ya wakati ya mstari, lugha ya kawaida ya kuandikia masharti haya, unakua kwa kipeo juu ya kipeo. Wengine wanabana mpangilio wa mawasiliano: Zielonka alithibitisha mwaka 1987 kwamba aina fulani ya tabia, ile isiyojali mpangilio wa matukio huru, daima inaweza kugawanywa kwa vipande. Wengine wanafuata nadharia ya maeneo ya Ehrenfeucht na Rozenberg, inayojenga wavu wa Petri kutoka kwenye mchoro wa hali.

Mimi nilifuata njia ya Schewe na Finkbeiner ya mwaka 2007: weka kikomo cha ukubwa wa kila kipande, geuza swali kuwa fomula, na umpe mtatuzi wa SAT au SMT, programu inayotafuta thamani za kuifanya fomula iwe kweli, atafute. Akikosa, ongeza kikomo. Uzuri wake ni kwamba inakwepa hatua ya kugeuza otomata yenye njia nyingi kuwa yenye njia moja kwa mbinu ya Safra, ambayo ni ngumu kuielewa na ngumu zaidi kuiandika kama programu bila kosa. Ubaya wake nauandika hapa bila kupaka rangi: kwa vipande vingi, kama mfumo haupo, programu itaongeza kikomo bila mwisho. Ukipata umepata, usipopata hujui. Wahakiki watakuuliza hilo kila mara, na jibu la heshima ni kukubali na kuonyesha ni kwa aina gani ya matatizo kikomo kidogo kinatosha.

Lakini kilichokula miaka yangu si algoriti. Ni masharti. Watu wanadhani kueleza unachotaka ni sehemu rahisi na kukijenga ndiyo kazi. Katika usanisi ni kinyume, na nitaonyesha kwa mfano ambao niliufanya mara nyingi kiasi kwamba naweza kuusimulia usingizini.

Unataka mgawa zamu kati ya wateja wawili wanaotaka kitu kimoja. Sharti la kwanza: ruhusa mbili zisitolewe kwa pamoja. Unabonyeza kitufe. Mashine inakujibu mara moja kwa mgawa zamu mwenye hali moja tu, ambaye hampi mtu ruhusa kamwe. Ni sahihi kabisa. Hakuna ruhusa mbili kwa pamoja pale ambapo hakuna ruhusa hata moja.

Unaongeza sharti la uhai: kila ombi lazima hatimaye lijibiwe. Sasa unapata mgawa zamu anayempa wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa kwanza, milele, bila kuwasikiliza. Awe ameomba au hajaomba, anapewa. Nayo ni sahihi. Unaongeza: usitoe ruhusa bila ombi. Hapo unapata kitu ambacho mhandisi angekikubali, na unaanza kujiamini.

Kisha unaleta mazingira halisi, kwa sababu mteja naye ana tabia. Unasema: mteja akishaomba haondoi ombi lake kabla hajapewa. Na unasema tena: kila mteja, mara kwa mara bila kikomo, atakuwa katika hali ya kutoomba. Ni dhana za kawaida, unaziweka upande wa mazingira: kama mazingira yanazitimiza, basi mfumo utimize yake. Unabonyeza. Mashine inarudisha mgawa zamu asiyemjibu mteja wa kwanza hata siku moja. Unafikiri programu yako ina kosa. Unaifungua, unatafuta. Haina. Fuata hesabu: mteja akishaomba haruhusiwi kuondoa ombi mpaka apewe, asipopewa, ataendelea kuomba milele, akiomba milele, ameivunja dhana ya kwamba kuna nyakati atakuwa haombi. Na dhana ikivunjika, mfumo haudaiwi chochote. Mashine imegundua kwamba njia rahisi ya kushinda ni kumlazimisha mwenzake avunje ahadi.

Huo si ujanja wa programu mbovu. Ni mantiki ya sharti lenyewe, na watafiti wa GR(1) wameujadili sana. Dawa niliyoitumia: kabla ya kusanisi chochote, kagua kama mazingira yanaweza kuzitimiza dhana zake hata mfumo ukifanya lolote. Kama mfumo unaweza kuyafunga, ziandike upya. Katika mfano huu, badala ya kudai kwamba mara kwa mara mteja awe haombi, dai tu kwamba *akishapewa* hatimaye ataachia. Maneno mawili, na mgawa zamu anakuwa mwaminifu.

Kuna upande wa pili, pale mashine inapokujibu kwamba haiwezekani. Kikaguzi cha modeli kikikataa kinakupa mfuatano wa makosa unaousoma kama hadithi. Usanisi ukikataa unapewa mkakati wa mpinzani, mti mzima wa "ukifanya hivi, mazingira yatafanya vile", na mara nyingi hausomeki. Mimi nilizoea kufanya mambo mawili. Kwanza, kuondoa masharti moja baada ya jingine mpaka libaki kundi dogo ambalo ukitoa lolote linawezekana. Mara nyingi yanabaki mawili matatu na ugomvi wao unaonekana kwa macho. Mfano: "jibu kila ombi katika hatua inayofuata" na "usitoe ruhusa mbili pamoja" hawakai nyumba moja, maana wateja wote wawili wanaweza kuomba papo hapo. Pili, nilicheza mwenyewe dhidi ya mkakati huo: mimi nikiwa mfumo, programu ikiwa mazingira. Kupigwa na programu yako mwenyewe kunafundisha haraka kuliko kusoma.

Upande wa kompyuta, jiandae kwa kumbukumbu kuliko muda. Vipande 8 vyenye hali 10 kila kimoja vinatoa hali milioni 100 za pamoja, na hapo hujaongeza mazingira. Mwaka 1990 Burch, Clarke, McMillan, Dill na Hwang walionyesha kwamba kwa kuziwakilisha hali kwa michoro ya maamuzi badala ya kuziorodhesha, mtu anaweza kukagua zaidi ya hali 10 kwa kipeo cha 20. Lakini michoro hiyo ina tabia yake: mpangilio wa vigezo ni kila kitu. Ukilinganisha namba mbili za biti nyingi, ukazipanga biti kwa jozi, mchoro unakua polepole kwa mstari. Ukaweka biti zote za namba ya kwanza halafu za pili, unalipuka. Nimeona jaribio linalokufa kwa kukosa kumbukumbu baada ya usiku mzima likimalizika kabla chai haijapoa, kwa kubadilisha mpangilio tu. Kabla hujaomba seva kubwa zaidi, jaribu hilo.

Hifadhi kila jaribio pamoja na toleo la programu, toleo la mtatuzi, na mbegu ya namba nasibu. Watatuzi wa SAT hubadilika tabia kati ya toleo na toleo, na jedwali ambalo huwezi kulizalisha upya ni jedwali la kufuta. Tumia mifano iliyokubalika katika eneo, kwa mfano ile ya SYNTCOMP, mashindano ya programu za usanisi yanayofanyika tangu mwaka 2014, na si ile uliyoitunga ili programu yako ishinde. Na usijifiche penye udhaifu: kidhibiti kilichotoka kwenye mashine mara nyingi ni kikubwa na kibaya kukitazama kuliko ambacho mtu angeandika. Andika ukubwa wake kwenye jedwali. Mhakiki atauona tu.

Upweke wa kazi hii nao una namna yake. Mwenzako anayefanya picha au lugha ana kitu cha kuonyesha kila wiki. Wewe una uthibitisho usioisha, au neno moja kwenye skrini. Nilipita kipindi kirefu nikiamini kila mtu kwenye kikundi ananielewa vibaya kwa wema, yaani ananidhania nina akili kuliko nilivyo. Kilichonisaidia ni kupanga siku: asubuhi uthibitisho, mchana programu. Uthibitisho ukigoma, mchana angalau kuna jaribio moja jipya linalopita. Kuna pia umuhimu wa kuwa na mtu mmoja wa kumwelezea kwa ubao na chaki, asiye msimamizi wako. Nilimpata kwa mwanafunzi wa nadharia ya michezo ambaye hakujua lolote kuhusu michakato, na maswali yake ya kijinga ndiyo yaliyofichua dhana mbili nilizokuwa nazitumia bila kuziandika.

Makala yangu ya kwanza ilikataliwa na wahakiki watatu kwa sababu tatu zisizopatana: mmoja alisema nadharia ni nyepesi, mwingine kwamba ni nzito mno, wa tatu alitaka mfano wa kiwandani. Nilichojifunza kufanya ni kumtafuta yule aliyesoma kweli, utamjua kwa namba za kurasa anazozitaja, na kumjibu yeye kikamilifu. Makala iliyorekebishwa kwa ajili yake ilipita kwenye kongamano lililofuata.

Tasnifu yenyewe ianze kwa sura ya fasili, na iandike mapema ingawa unajua utaibadilisha. Makala zangu zilikuwa na alama tofauti kwa kitu kimoja, na kuzipatanisha mwishoni kulinichukua muda mwingi kuliko sura yoyote ya utafiti. Alama moja kwa wazo moja, tangu siku ya kwanza, hata kama makala za wengine zinatumia nyingine.

Siku ya utetezi, tarajia maswali ya mipaka kuliko ya matokeo. Waliniuliza kidogo sana kuhusu teoremu kuu. Waliniuliza kwa nini vipande vyangu vinadhaniwa haviharibiki katikati ya kazi, ujumbe ukipotea njiani inakuwaje, na kama kikomo cha ukubwa nilichokitumia kilichaguliwa kabla au baada ya kuyaona matokeo. Hilo la mwisho lijibu kwa tarehe za faili, si kwa maneno.

Na aliyekuja kuniomba programu baada ya hapo hakuhitaji usanisi hata kidogo. Alitaka tu ile sehemu inayokagua kama dhana za mazingira zinaweza kufungwa na mfumo, aitumie kwa masharti aliyoyaandika kwa mkono kazini kwake. Nimeitenga, nikaiandikia maelekezo yake, na ndiyo sehemu pekee ninayoendelea kuitunza.